Jina la Verla kwenye Ubao Wangu

Mwaka huo nilimwonea wivu mwanamke wa miaka sitini na tisa mwenye vidole vilivyopinda, na sitaki mtu anipambie jambo hili. Wengine wangeuita ushindani, wengine wangesema ni kujituma. Mimi nilikuwa nikisikia jina la Verla Zabka, chakula kinageuka shubiri mdomoni.

Nyuma ya maghala ya nafaka ya mji wetu, huku Nebraska, klabu yetu ya kulenga shabaha ina kibanda chenye jiko la kuni, na juu ya jiko umepigiliwa ubao wa mwaloni. Kila Jumamosi ya mwisho ya Septemba tunashindana nani ataangusha sahani za chuma kwa muda mfupi zaidi, na jina la mshindi linachomwa kwenye ubao huo kwa kalamu ya chuma yenye moto. Desturi yetu ni kwamba anayechoma ni mshindi wa mwaka uliotangulia. Nilishinda miaka kumi mfululizo, kwa hiyo kuanzia wa pili nilijichoma mwenyewe: DELMAR KUBICEK, DELMAR KUBICEK, mpaka ile K nikaweza kuichora nimefumba macho. Mwanzoni watu walipiga makofi. Kufikia mwaka wa saba walikuwa wanajipakulia nyama ya nguruwe na kabichi chachu wakati mimi nachoma, na sikujali. Nilifanya kazi miaka thelathini na nne kwenye maghala yale nikivuta vumbi la mahindi, na hapa duniani jina langu limeandikwa mahali pawili tu, ubao ule na bili ya umeme.

Verla alikuwa mpishi wa shule. Nusu ya watu wa kaunti yetu wamekula kwenye mwiko wake, na mpaka leo mwanamume mwenye mvi akikutana naye dukani hunyoosha mgongo asije akaambiwa amalize karoti. Siku za Jumamosi alikuja klabuni na mumewe Ernie, mwenye duka la matairi, wakipiga bastola zao zile za kawaida. Kwenye matokeo Ernie alikuwa wa kumi na mbili, Verla wa kumi. Walikuja kwa ajili ya maongezi, na Verla alileta kolache za aprikoti kavu na za mbegu za popi, vimkate laini hivyo ambavyo bila hivyo watu wa huku hawakutani. Nilimpenda sana Verla alipokuwa wa kumi.

Kisha baridi yabisi ikamshika. Viungo vya vidole vikavimba kama tangawizi, akawa hawezi hata kuikoki bastola yake. Mwaka uliotangulia aliacha mashindano katikati, akakaa kwenye benchi na mikono mapajani. Februari, Ernie akafa kwa ugonjwa wa mapafu. Nilikwenda mazikoni nikibeba bakuli la viazi la mke wangu Marvene, nikasema maneno yanayosemwa, nikarudi nyumbani. Niliamini Verla hatarudi tena klabuni.

Aprili akarudi, na bunduki fupi.

Nieleze vizuri, maana yote yaliyonipata yametokana na kitu hiki. Ni bunduki kwa sura, ina kitako cha kuweka begani na mtutu usiofika urefu wa mkono, lakini inakula risasi zilezile za bastola, za milimita tisa. Risasi alizoacha Ernie kwenye droo zote zilifaa. Magazini za bastola yake ya zamani ziliingia bila kulalamika. Mkono wa kukokia ni mkubwa, anauvuta kwa kiganja kizima, si kwa ncha za vidole. Bastola unaishika kwa mikono tu, na mkono ukitetemeka, risasi nayo inatetemeka. Hii inakaa begani, inakaa shavuni, inakaa mikononi, imetulia kama mtoto aliyeshiba. Juu yake amefungiwa kioo kidogo chenye nukta nyekundu. Unaweka nukta unapotaka, unavuta triga. Haipigi bega, na haipasui masikio kama bunduki ya kulungu.

"Hiyo ni nini, Verla?" nilimuuliza siku ile ya kwanza. "Bastola iliyotiwa hamira?"

"Ni mkongojo wa bibi kizee," akajibu. "Wewe subiri uzeeke, nitakuazima."

Orrin Blecha, mwenyekiti wetu na mshika saa, aliyekuwa tarishi wa posta, alikuna kidevu. Klabu kubwa huziwekea bunduki hizi kundi lake na tuzo yake. Sisi tulikuwa watu ishirini na wawili na ubao mmoja. Mkutano wa Mei akauliza kama Verla aruhusiwe kushindania ubao na wenye bastola. Na nani alisimama kumtetea? Mimi. Nikasema kwa sauti, "Mwacheni mama wa watu apige. Hata mkimpa mzinga, nitampa mkono wa pole nikiwa mshindi." Watu wakacheka, wakapiga kura, ikapita. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Mazoezi ya Juni alinishinda kwa sekunde moja nzima. Nikasema ni upepo. Mazoezi ya pili akanishinda tena, nikasema jua lilinipiga machoni. Mara ya tatu sikusema kitu, nilikwenda kukagua matairi ya gari langu ambayo hayakuwa na kasoro yoyote. Sahani sita za chuma zilikuwa zinaanguka mbele ya yule mama kana kwamba anazipungia mkono zilale. Ukiniuliza kilichoniuma zaidi, ni kwamba hakuwa anahangaika. Mimi nilitoka jasho miaka kumi kwa kile ambacho yeye alikifanya huku akimuuliza Orrin habari za goti lake.

Alikuwa na tabia moja tuliyoicheka. Kila kituo chenye pipa au ukuta wa kupigia juu yake, kabla Orrin hajabonyeza saa, Verla alisimamisha kiganja chake juu ya pipa kwa ubavu, kidole kidogo chini, gumba juu, kama mtu anayepima unga kwenye sufuria. Akitulia hivyo kidogo, ndipo anainua bunduki. Tukaiita sala ya Verla.

"Mwombee na Delmar," Orrin alisema siku moja.

"Huyo ana matatizo mengi, kiganja kimoja hakitoshi," akajibu Verla, na kibanda kizima kikaangua kicheko. Nilicheka na mimi. Taya ziliniuma mpaka jioni.

Nyumbani hakukuwa na nafuu. Marvene alikuwa rafiki yake.

"Verla kaniambia rakuni, wale wezi wa usiku, walikuwa wanamalizia mahindi yake matamu," alisema mezani. "Kapiga wawili, hata majirani hawakuamka. Anasema bunduki ile unaipeleka mlangoni, garini, bustanini, popote, nyepesi kama ufagio."

"Mmh."

"Na risasi ni zilezile za bastola, hanunui aina mbili. Mwanamke ana akili yule."

"Mmh."

"Kula basi, chakula kinapoa."

"Nimeshiba."

"Umeshiba Verla wewe," akasema Marvene, akachukua sahani yangu.

Julai nilifanya jambo la mtu mwenye kijiba cha roho. Nilimwambia Marvene nakwenda kutafuta kipuri cha trekta la kaka yake, nikaendesha saa mbili na nusu mpaka mji ambao hakuna anayenijua, nikanunua bunduki fupi ya aina ileile ya Verla, na kioo kilekile chenye nukta nyekundu. Muuzaji aliniuliza kama ni ya mke wangu. Nikasema ndiyo. Niliificha kwenye chumba cha chini ya nyumba, nyuma ya friji ya nyama, nimeifunga kwenye mfuko wa kulalia.

Nikawa nakwenda peke yangu kwenye shimo la changarawe la shemeji yangu. Na hapa nitasema ukweli ingawa unanichoma: niliipenda. Niliipenda kuanzia risasi ya kwanza. Bastola yangu niliitumikia miaka mingi, ukikosa siku tatu inakununia. Hii nilipiga nayo sahani ya hatua hamsini, kisha ya sabini, nikaanza kucheka peke yangu shimoni. Nilielewa kwa nini Verla alirudi klabuni. Kuelewa huko hakukupunguza wivu hata chembe, kuliuongeza, maana sasa nilijua raha aliyoipata kabla yangu. Nilipiga nimesimama wima, mahali peupe, hakuna kitu mbele yangu. Kumbukeni hilo.

Wiki ya kwanza ya Septemba, saa moja asubuhi, simu ikalia. Verla.

"Delmar, umeamka?"

"Nimeamka tangu saa kumi na moja, mimi si mtu wa mjini."

"Koyote yuko nyuma ya banda la kuku. Ameshakula watatu wiki hii. Leo vidole vyangu vimegoma kabisa, hata kikombe nakishika kwa mikono miwili. Njoo unisaidie."

Koyote ni mbweha wa huku, na asiyewahi kuhesabu kuku wake asubuhi anaweza kumwonea huruma. Lakini kuku hawakunishughulisha. Verla Zabka ananihitaji! Aliyeko juu mngoje chini, nikajiambia, nikashuka nyuma ya friji nikatoa bunduki yangu fupi. Nilitaka aione. Nilitaka amwone Delmar akifanya kwa bunduki ileile kile ambacho yeye asubuhi hiyo hakiwezi.

Nilipofika alikuwa amesimama uani na koti la Ernie, mikono kwapani. Akaiona bunduki.

"Nzuri," akasema. "Kama yangu."

"Inafanana kidogo," nikasema.

Akaninyooshea kidevu. Koyote alikuwa ukingoni mwa shamba la soya, hatua kama sitini, ameketi, nyuma yake tuta la udongo la bwawa la ng'ombe. Shabaha tulivu na salama kuliko ile hutapata. Nililaza viwiko vyangu kwenye boneti ya pikapu yangu, kitako begani, shavu mahali pake. Kwenye kioo hapakuwa na kizuizi chochote. Nukta nyekundu ilikaa kifuani mwa koyote, haitikisiki. Nikasikia Verla akivuta pumzi kama anayetaka kusema kitu. Nikavuta triga.

Mlio wake sitausahau. Bati lilipiga yowe, rangi ikaruka, na katikati ya boneti ya pikapu yangu nyekundu, ambayo nimeipaka nta kila mwezi tangu niinunue, ukatokea mfereji unaoishia kwenye tundu.

Kioo cha kulengea kinakaa juu ya mtutu kwa upana wa vidole vitatu vinne. Jicho langu lilikuwa limepita juu ya boneti, mtutu ulikuwa haujapita. Kila mtu mwenye bunduki hizi ameambiwa habari hiyo. Mimi sikuambiwa, kwa sababu ningelazimika kumuuliza Verla.

Koyote alitutazama kama mtu aliyekatizwa mazungumzo, akainuka, akaingia kwenye soya taratibu.

Verla akaja akainama juu ya tundu.

"Delmar," akasema, "hilo gari lilikukosea nini?"

Damu yote ilikuwa imepanda usoni. Nilitoa risasi zilizobaki, nikaiweka bunduki kwenye kiti, nikafungua boneti. Risasi ilikuwa imekwama kwenye chuma kando ya betri; injini ilikuwa nzima, heshima tu ndiyo iliyovuja.

"Verla, tafadhali. Usimwambie Orrin."

"Simwambii mtu."

"Wala Marvene."

"Huyo ndiye kabisa simwambii. Huyo ni kazi yako."

Aliingia ndani, akatoka na kahawa, kolache mbili na stika. Ilikuwa stika ya duka la matairi la Ernie, kubwa kama sahani ya chai: tairi la njano lenye macho na mdomo mpana unaocheka. Moja kama hiyo ilikuwa kwenye boneti ya pikapu yake kuukuu miezi mingi, na mimi nilishaisema klabuni zaidi ya mara moja, kwamba mtu mzima mwenye akili habandiki katuni mbele ya gari.

"Bandika hapo, mvua isiingie," akasema.

Niliibandika. Tairi likanicheka njia nzima mpaka nyumbani. Moyo wenye wivu hauoni wema, unaona mtego. Nilikuwa na hakika anaitunza siri ile aje kunikaba nayo siku anayoitaka, na pengine siku hiyo ni Jumamosi ya mwisho ya Septemba.

Marvene alikuwa anaanika shuka. Akaiona stika.

"Hiyo imetoka wapi?"

"Kwa Verla," nikasema. "Ya kumkumbuka Ernie."

Macho yake yakajaa machozi. Akaja akanibusu shavuni, jambo ambalo hakuwa amelifanya mchana kweupe kwa muda mrefu. "Nilidhani unamchukia," akasema. "Umekuwa mtu mwema, Del." Ningepigwa ngumi nisingeumia kiasi hicho, na pengine ningestahili.

Siku ya mashindano nilifika na bunduki fupi mbele ya watu wote.

"Delmar!" Orrin akapiga kelele. "Umezeeka lini?"

"Jana usiku," nikasema, na hata mimi sikucheka.

Verla hakusema neno kuhusu boneti. Aliitazama stika yangu, akaniamkia, akaenda kupanga kolache zake. Nilimchunguza asubuhi nzima nikingoja afungue mdomo. Kila alipoegemea sikio la mtu, nilisogea karibu nisikie. Vituo vilikuwa vinne. Baada ya vitatu wengine wote walikuwa wameachwa mbali, na Orrin alisoma karatasi yake: Delmar yuko mbele ya Verla kwa sehemu tatu za kumi za sekunde. Mikono ya Verla siku hiyo ilikuwa imefunguka, mimi nilikuwa nimefanya mazoezi kama mwenda wazimu, na kilichobaki kilikuwa ni sahani sita za mwisho.

Kituo cha mwisho lilikuwa pipa la mafuta lililolazwa. Unapiga sahani juu ya mgongo wa pipa.

Verla alitangulia. Akasimamisha kiganja chake juu ya pipa kwa ubavu, kidole kidogo chini, gumba juu. Watu wakacheka, "Sala! Sala!" Mimi nilisimama nyuma yake na nikaona, kwa mara ya kwanza, kwamba mama yule hakuwa anasali. Alikuwa anapima. Upana wa kiganja kimoja, hapo mtutu uko salama juu ya chuma. Saa ikalia, akainua bunduki mpaka hapo alipopima, na sahani sita zikalala.

Zamu yangu. Ningeweza kusimamisha kiganja changu kama yeye, watu wakacheka, yakaisha. Lakini ningekuwa nakiri mbele ya klabu nzima kwamba nimejifunza kwa Verla, na huenda mtu akajiuliza nimejifunzia wapi. Nikaikunja mikono. Nikangoja.

Saa ikalia. Nikainua bunduki, nukta nyekundu ikakaa kwenye sahani ya kwanza, safi, na kidole kikakataa. Niliona boneti yangu. Nilisikia lile bati likipiga yowe. Nikashusha bunduki, na mbele ya watu wote, saa inakimbia, nikasimamisha kiganja juu ya pipa nikapima. Kisha nikapiga sita kwa sita, haraka kuliko nilivyowahi kupiga maishani mwangu.

"Unaanza kusali wakati jeneza limeshashuka?" mtu akasema nyuma.

Orrin akajumlisha mara mbili, kwa sababu aliniona uso. Verla amenishinda kwa sehemu nne za kumi za sekunde. Kiganja kile kilinigharimu sekunde nzima.

Wakanipa kalamu ya chuma yenye moto. Safari hii hakuna aliyejipakulia nyama. Nilisimama mbele ya majina yangu kumi na, nitaungama, nikafikiria kuandika jina lake kwa herufi ndogo. Herufi V sikuwa nimewahi kuichoma. Verla akaja akasimama karibu yangu, akinusa moshi wa mwaloni.

"Ile Z uifanye vizuri," akasema chini chini. "Ernie aligombana maisha yake yote na watu waliokosea kuiandika hiyo Z."

Nikaifanya vizuri. Ni Z bora kuliko K zangu zote, na watu huiona hivyo mpaka leo. Roho iliniuma kila mstari.

Wengine walipoketi kula, nilimfuata nje akipakia bakuli zake.

"Ungeweza kuniambia juu ya kiganja," nikasema. "Miezi yote hii."

"Ungenisikiliza?"

Nikachukua bakuli moja nimsaidie kupakia.

"Siku ile uani nilitaka kusema. Ulikuwa na haraka sana ya kunionyesha." Akaligonga lile tairi la njano kwenye boneti ya pikapu yake, limepauka kwa jua. "Bandua ncha. Ncha tu, usiitoe yote."

Niliinua ncha kwa ukucha. Chini ya stika palikuwa na mfereji kwenye bati, umeshika kutu, unaoishia kwenye tundu. Mahali palepale. Nyani haoni kundule. Mimi niliicheka stika ya mwenzangu miezi yote hiyo, na sasa yangu ilikuwa inafunika tundu lilelile.

"Ernie ndiye aliyeninunulia bunduki," akasema Verla. "Desemba. Alikuwa hawezi tena kutembea mpaka bandani, lakini aliuza mashine yake ya kubadilishia matairi, akasema mikono yangu haitakaa benchini. Asubuhi ya kwanza akaketi dirishani na blanketi lake aone ninavyopiga kopo. Nikaegemea gari lake. Ukweli, gari lake, si langu. Paa!"

"Akakasirika?"

"Alicheka, Delmar. Alicheka mpaka nikaogopa pumzi itamkatika. Akatoka nje na blanketi mabegani, kwenye theluji, akaibandika hii mwenyewe, akarudi ndani anacheka. Usiku nikamsikia gizani akianza tena. Sikumsikia akicheka vile mara nyingine." Alikandamiza ncha ya stika irudi mahali pake, kwa kidole kimoja kilichopinda, polepole, mpaka ikashika. "Watu wananiambia peleka gari lipakwe rangi."

Nilikuwa nimembeba mwanamke huyu moyoni kama jiwe tangu Juni, nikihesabu alichonacho ambacho mimi sina. Sikuwahi hata kumuuliza siku za mwisho za Ernie zilikuwaje.

Nilirudi nyumbani na mfuko wa kolache nilizopewa. Marvene alikuwa kibarazani, kwa uso wangu tu akajua.

"Amekushinda," akasema.

"Kwa sehemu nne za kumi za sekunde. Marvene, shuka hapa, njoo uone kitu."

Akashuka ngazi. Nikaibandua stika yote kwa mkupuo mmoja, rangi kidogo ikaja nayo. Marvene akainama, akaingiza kidole kwenye tundu. Akanitazama mimi, akalitazama tundu, akanitazama tena.

"Hii risasi imepigwa na nani?"

"Na mimi."

"Umeipiga pikapu?"

"Nilikuwa nampiga koyote."

Mdomo wake ukaanza kucheza. "Na koyote?"

"Yuko hai."

"Verla alikuwepo?"

"Alikuwepo."

Hapo akashindwa. Alishika kioo cha pembeni cha gari, akateleza, akaketi kwenye nyasi na nguo yake ya Jumamosi, akicheka bila sauti kwanza, kisha kwa sauti ambayo majirani waliisikia. Shingo ilinipanda moto, na neno kali lilikuwa tayari mdomoni. Nikalimeza. Nilipiga magoti, nikaketi kando yake kwenye nyasi na stika mkononi, na kila alipokaribia kunyamaza nilimweleza tena jinsi koyote alivyotutazama.